Kupenda kupita kiasi kwa Kiingereza: neno lipi, kihusishi gani, na wapi pa kujizuia

Kosa linaloongoza, kuanzia meseji za simu hadi insha za kidato cha tatu, ni hili: "I love you too much." Aliyeandika alikusudia "nakupenda mno", na kwa Kiswahili hajakosea kitu, kwa sababu mno yetu inaweza kusifu. Too la Kiingereza halisifu. Linasema kipimo kimepitiliza na kuna jambo limeharibika: chai ikiwa too hot hainyweki, mzigo ukiwa too heavy haubebeki. Mwenye lugha yake akisoma "I love you too much" anasubiri sentensi ya pili, akidhani utamwambia unaachana naye au mapenzi yamekuelemea. Ukitaka kumfurahisha andika "I love you so much" au "I love you very much". Too libaki na kazi yake ya kulalamika: "His grandmother loves him too much to punish him", yaani bibi anampenda hadi anashindwa kumwadhibu.

Tumeandika haya kwa ajili ya wanafunzi na walimu wa sekondari wa Mtwara na Lindi, wanaotembeza wageni Mikindani na Kilwa Kisiwani, na yeyote anayechati na watu wa nje halafu akajikuta ameeleweka vibaya.

Kabla ya neno lolote, elewa tabia ya Kiingereza kwenye eneo hili. Sehemu kubwa ya maneno yake ya kupenda kupita kiasi yalizaliwa kama maneno ya ujinga. Fond, ambalo leo ni neno la upole, zamani lilimaanisha mpumbavu, na bado lilikuwa na maana hiyo enzi za Shakespeare. Dote lilikuwa kupungukiwa na akili, ndiyo maana ndugu yake dotage ni ule uzee wa kurudi utotoni. Infatuated limetoka kwenye Kilatini fatuus, mpumbavu. Besotted limejengwa juu ya sot, neno lililomaanisha mjinga kisha likamaanisha mlevi. Smitten peke yake halina ujinga ndani, lenyewe ni kupigwa, kutoka kitenzi smite. Harufu hiyo ya zamani haijaisha. Ukimwambia mtu ni besotted unampenda, ila unamcheka kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujafungua mdomo ni: namsifu, namtania, au namlaumu? Swali la pili: anayependwa ni mchumba, mtoto, chakula, timu, au bosi? Ukiyajibu hayo mawili, maneno yanayofaa hubaki mawili au matatu tu.

Aliyekufa akaoza

Kwa mapenzi ya mtu na mtu, "amekufa ameoza" ya kwetu inakaa vizuri kwenye "head over heels in love". Usifupishe vibaya. "She is head over heels in love with him" ni kamili, na "she is head over heels for him" inasikika pia kwenye mazungumzo. "She is very head over heels" hakuna. Neno lenyewe limeshafika mwisho, huliongezei very.

Kanuni hiyo ya very ishike, maana inawaangusha wengi. Fond hukubali very: "very fond of her". Keen hukubali pia. Lakini besotted, infatuated, obsessed na smitten ni maneno yaliyokwisha kujaa, nayo hupenda completely, absolutely au utterly. "He is completely besotted" ni Kiingereza. "He is very besotted" haijavunja sheria yoyote ya kitabu, ila inasikika kama ya mtu aliyekariri kamusi jana usiku. Na adore likiwa ni kitenzi haliwezi kabisa kutanguliwa na very. "I very adore you" ni kosa tupu. Sema "I absolutely adore you".

Sasa ngazi zenyewe. Have a crush on ni kumzimia mtu, mara nyingi kimyakimya, yeye hana habari. Ni neno la wanafunzi na la utani ofisini, mtu mzima akilisema juu ya mtu mzima mwenzake linakuwa la kuchekesha. Puppy love ni hayo mapenzi ya utotoni yakitazamwa na wakubwa, na lina dharau. Mzazi akikuambia kwa Kiingereza kwamba binti yake ana puppy love, hajaafiki chochote, anasema yatapita.

Smitten ni kunaswa ghafla, na ni tamu. Kwenye hotuba ya harusi yenye wageni wa Kizungu unaweza kusema "He was smitten from the day they met" na hakuna atakayenuna. Infatuated usilipeleke huko. Ndani yake mna hukumu kwamba mapenzi hayo ni ya kupagawa tu, hayana mizizi, na yakipoa mtu atajishangaa. Tumewahi kuona kadi ya harusi iliyosema bwana harusi ni infatuated with bibi harusi. Aliyeandika alitaka neno zuri la "anampenda sana", akachukua la kwanza kwenye kamusi.

Besotted ndilo karibu na kupagawa au kudata, na Waingereza wanalitumia zaidi ya Wamarekani. Uzuri wake linavuka mipaka: mume kwa mke, babu kwa mjukuu, hata mwanamke kwa paka wake. Lina utani usiouma, mradi aliyesemwa ni mtu uliyemzoea. Mgeni uliyekutana naye asubuhi kwenye boti ya kwenda Kilwa Kisiwani usimwambie "You are besotted with your wife", hata kama amemshika mkono safari nzima. "You two are lovely together" inatosha.

Obsessed lina sura mbili na hapa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine. Mitandaoni limelegea kabisa. Mgeni akionja pweza wa nazi pale Mikindani akasema "I'm obsessed with this!", amesifu chakula, mjibu asante. Lakini likitumika kwa mtu, na msemaji hatanii, linatisha. "He is obsessed with her" kwenye maelezo ya polisi au barua ya malalamiko ni mtu anayemfuatilia mwenzake, anampigia simu usiku, anamsubiri nje ya geti. Juu yako mwenyewe na kwa kitu, sema utakavyo. Juu ya mtu mwingine na binadamu mwenzake, fikiri mara mbili.

Ukitafuta jina la kitaalamu la kumuwaza mtu bila kupumzika huku ukihesabu kila ishara kwamba naye anakupenda, lipo: limerence. Lilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani Dorothy Tennov, na lilijulikana kupitia kitabu chake cha 1979. Ni la makala na darasani, mtaani wengi hawalijui. Vivyo hivyo uxorious, mume anayempenda mkewe kupita kiasi, kutoka Kilatini uxor, mke. Lijue ukilikuta, usilisake.

Limbwata halina neno la moja kwa moja. Ukitaka kusema mume ametekwa, "He is completely under her spell" inafikisha bila kumtuhumu mke kwamba amekwenda kwa mganga, maana spell hapo ni ya maneno tu. "Under her thumb" ni kali zaidi: mume hana kauli nyumbani. Ni matusi madogo.

Mtoto anayedeka

Hapa ndipo dote linapong'aa, na ndipo linapoharibiwa zaidi. "She dotes on her grandson" ni bibi anayempenda mjukuu hadi haoni kosa lake. Lazima on iwepo. "She dotes her grandson" ni kosa. Tahajia nayo ina mtego: dote, dotes, doted, doting, t moja kila mahali. Ukiandika dotted umemwekea mjukuu madoadoa. Matamshi: o yake huteleza kuelekea u, karibu na "dout", na t ya mwisho haina irabu, usiseme "doti". Ukitamka "daut" umesema doubt, na bibi wa watu anakuwa anamtilia mjukuu shaka.

Kudekeza kwenyewe kuna maneno matatu yasiyolingana uzito. Pamper ni kumstarehesha, na linaweza kuwa zuri kabisa, hata saluni wanalitumia. Spoil ni kudekeza hadi tabia iharibike, nalo huongezewa uzito kwa rotten: "They spoil him rotten". Ajabu ni kwamba babu na bibi wa Kiingereza husema "We spoil our grandchildren" kwa kujisifu. Mtu mwingine akiwaambia hivyohivyo, inakuwa lawama. Mollycoddle ni kumkinga mtoto na kila upepo, asiloe mvua, asibebe ndoo, na ni lawama siku zote. Kuna pia smother, kihalisi kumziba mtu pumzi, kwa mama ambaye mapenzi yake yanambana mtoto asipate nafasi. Ni kali. Usilitumie juu ya mama wa mtu akiwepo.

Mboni ya jicho tunayo sisi na wanayo wao: "the apple of my eye". Zamani Waingereza waliita mboni apple kwa umbo lake, na Biblia ya King James ya 1611 ina usemi huo kwenye Zaburi ya 17, palepale ambapo Biblia ya Kiswahili inasema "unilinde kama mboni ya jicho". Kwa hiyo apple hapo ni mboni yenyewe, si tunda la kula, wala bibo la mkorosho. Jicho ni moja: eye, si eyes. Na lazima useme ni la nani: my eye, her eye, her father's eye.

Usemi wa "amemweka kiganjani" unapatikana kwenye "wrapped around her little finger", ila sarufi yake inageuza watu. Anayetajwa mwanzo ni mwenye nguvu, yaani anayependwa: "The girl has her father wrapped around her little finger." Binti ndiye anayemzungusha baba. Wengi huanza na baba wakapotea katikati ya sentensi.

Ukitaka kumsifu mzazi bila hatari, ruka yote haya useme devoted. "You are such a devoted father" haina kipimo kilichopita, haina utoto, haina mjinga ndani. Dote usoni mwa mzazi linaweza kusikika kama unamwambia anamharibu mtoto.

Vihusishi, mahali alama zinapopotea

Kiswahili kinamaliza kazi ndani ya kitenzi: anampenda, anamdekeza, anamzimia. Kiingereza mara nyingi kinataka vipande vitatu, be, kivumishi, kihusishi, na mwanafunzi akiruka kimoja sentensi inaanguka. Ndiyo asili ya "I fond of football". Fond si kitenzi: "I am fond of football." Na ukiandika found umeokota mpira.

Hakuna kanuni ya kukisia kihusishi kipi. Vikariri pamoja na neno, kama unavyokariri ngeli pamoja na nomino. Kundi la with ndilo kubwa: infatuated with, obsessed with, besotted with, smitten with, in love with. Smitten na besotted hukubali by pia. Kundi la about: crazy about, mad about, nuts about, wild about, passionate about. La on: dote on, hooked on, keen on, a crush on. La to: addicted to, devoted to, partial to. La for: a weakness for, a soft spot for. Of linabaki na fond, na a fan. Baada ya to ya addicted na devoted fuatisha nomino au -ing: "addicted to watching", si "addicted to watch".

Halafu kuna yasiyotaka kihusishi kabisa, na watu huyabandikia: adore, worship, idolise. "He worships her", basi. "He worships to her" linamfanya sanamu kweli.

Crazy of na crazy on usiandike kwenye mtihani. Mad ndilo lenye fitina. "Mad about" kwa kitu kinachopendwa ni kukipenda: mgeni akikuambia "My husband is mad about old ruins", mpeleke Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na umpe muda wa kutosha. "Mad at" ni hasira. Ila Wamarekani hutumia mad about pia kwa hasira, hasa kinachofuata kikiwa ni kero: "He's mad about the delay", amekasirishwa na kuchelewa. Angalia kilichofuata na uso wa msemaji.

Vyakula, mpira na kazi

Kwa vitu maneno ni mepesi. Have a sweet tooth ni kupenda vitu vitamu, jino moja, umoja. Have a weakness for ni kushindwa kukataa: "I have a weakness for ming'oko", na hapo itabidi umweleze mgeni ming'oko ni nini. Partial to ni la adabu na la chini zaidi, "I'm partial to roasted cashews", kana kwamba hujamaliza sahani nzima.

Too fond of litazame kwa jicho lingine. Waingereza hulitumia kusitiri aibu. "He is a bit too fond of uraka" haimaanishi anaupenda kidogo zaidi ya wenzake. Ni mlevi, na msemaji anamsitiri. Bit hapo ndiyo inayodanganya wasiozoea.

Shabiki lialia ni die-hard fan. Die-hard ni jina la utani walilopata wanajeshi wa kikosi cha 57 cha Uingereza kwenye vita vya Albuera mwaka 1811, walipoamriwa wafe wakipigana. Mji mzima wenye wazimu wa mpira ni football-mad, na kistari kiwepo: "Ruangwa is a football-mad town." Fanatic halifai kumsifu mtu, japo fan ni kifupi chake. Linabeba ushupavu wa mtu asiyesikia la mwingine.

Viambishi viwili huunda maneno mapya kila siku. -aholic imekatwa kutoka alcoholic na inabandikwa popote, workaholic, shopaholic, chocoholic. Ni ya utani, isipokuwa workaholic ambalo linaweza kuwa la kweli. -mania ni wazimu wa watu wengi kwa pamoja, kama Beatlemania ya Uingereza mwaka 1963. Mtu mmoja hawezi kuwa na mania ya aina hiyo peke yake.

Kwenye barua ya kuomba kazi, kote huku pametengwa neno moja tu: passionate about. Crazy about na obsessed with ziache kwa marafiki.

Anayejipendekeza

Kumshobokea mtu ni fawn over, au fawn on akiwa mkubwa mwenye cheo: "They all fawned over the visitor." Linatamkwa na o ndefu, "foon". Gush over ni kumwaga sifa bila breki, na linaishia kwenye maneno tu, wakati fawn lina na tabasamu na kukimbilia kumbebea mtu mkoba. Clingy ni mpenzi ang'ang'anaye, anayeuliza "uko wapi" kila nusu saa. Suck up to ni kujipendekeza kwa bosi na ni la mtaani, kwenye insha weka flatter.

Insha moja, tuirekebishe

Aya ya aina hii hurudi kila muhula:

"My grandmother lives in Newala. She love my young brother too much. She dots him and she is crazy of him. My brother is the apple of her eyes. She is wrapped him around her little finger."

Sentensi ya kwanza nzuri. Ya pili ina love bila s, young badala ya younger, na too ambalo tumeshalisema. Tungeifuta yote, maana dote litakalofuata linaifanya kazi hiyo. Ya tatu: dots iwe dotes on, na crazy of iondoke kabisa, si kwa sababu ya kihusishi peke yake, bali kwa kuwa mtu anayedote hahitaji pia kuwa crazy. Kurundika maneno ya maana moja kwa Kiingereza hakuongezi uzito, kunaonyesha mwandishi hakuchagua. Ya nne, eye. Ya tano imegeuzwa: anayemzungusha mwenzake ni mtoto. Nafasi iliyobaki ijazwe na tendo ambalo msomaji ataliona:

"My grandmother lives in Newala. She dotes on my younger brother. He is the apple of her eye, and he has her wrapped around his little finger. When she roasts cashews, he has eaten half of them before the rest of us have washed our hands."

Hata hapo semi mbili mfululizo, apple na little finger, ni nyingi. Mwalimu mkali atakuambia ubakize moja. Sisi tungebakiza ya kidole, kwa kuwa sentensi ya korosho inaithibitisha. Na kama mwandishi ana kinyongo na mdogo wake, abadilishe dotes on iwe spoils. Korosho zilezile zitageuka malalamiko.